Mwiko wa Tabibu na Mwiko wa Chunguni

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu wauguzi mlioziacha kazi zenu mchana huu mkaja kuketi juu ya mabenchi haya magumu: lugha yetu ya Kiswahili, ambayo aghalabu huitwa maskini na watu wasioijua, imelipa neno moja kazi mbili zilizo mbali sana, nami naomba idhini yenu nianze na neno hilo kabla sijafika kwenye maradhi. Mwiko ni ule mti uliochongwa ukawa bapa, ambao mama huushika mbele ya sufuria ya maji yanayochemka, akamwaga unga kwa mkono mmoja na kusonga kwa mkono wa pili mpaka bugali ukamane. Na mwiko ni katazo: ni kitu ambacho mtu fulani, au ukoo fulani, haruhusiwi kukila wala kukigusa, na haruhusiwi hata kuuliza sababu. Wajuzi wa lugha watatueleza siku nyingine kama maneno haya ni ndugu wa tumbo moja au yamefanana sura tu. Mimi leo nataka kusema kwamba, katika habari ya maradhi ya sukari, wagonjwa wetu wa Masisi na Walikale, huku mashariki mwa Kongo, wamepewa mwiko wa pili kwa wingi, na ule wa kwanza, ambao ungaliweza kuwafaa, hawakuonyeshwa namna ya kuutumia.

Shangazi yangu ni mkulima wa milimani Masisi, mwanamke mwembamba ambaye sijapata kumwona amenenepa hata katika miaka ya neema. Mwaka mmoja alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akawa anaamka usiku mara nne na mara tano, nguo zikamlegea mwilini, na uzi wa sindano, ambao alikuwa akiutia tunduni bila ya kutazama, ukamshinda. Wakampeleka kupimwa. Wakamchoma kidole, tone la damu likanyonywa na kile kijiti, na kifaa kikaandika 380, hali mtu mzima wa afya, aliyeamka asubuhi na hajala kitu, huwa chini ya 110, na anayefika 126 katika hali hiyo huhesabiwa kuwa mgonjwa. Aliyempima alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye haraka; alimpa vidonge, akampa na karatasi iliyopigwa chapa kwa Kifaransa, kisha akamfasiria kwa kinywa: "Mama, tangu leo bugali basi, birai basi, ndizi basi, mupunga basi."

Shangazi akaigeuza ile karatasi, akamuuliza, "Sasa nitakula nini, mutoto wangu?"

Kijana akasoma: mkate wa ngano isiyokobolewa, matofaa, mtindi usiotiwa sukari, nyama ya kuku iliyovuliwa ngozi. Shangazi akaikunja karatasi mara nne, akaifunga katika ncha ya kitenge pamoja na fedha za nauli, akarudi nyumbani. Na jioni ile akala bugali kama wenziwe, kwa kuwa ndio uliokuwa umepikwa.

Simlaumu kijana. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya jiko jingine, na mtu aliyeiandika pengine hajapata kuona nyumba ambamo sufuria ni moja, mbabula ni moja, na makala hununuliwa kwa kopo. Lakini nalaumu fikira iliyo nyuma yake, ile inayodhani kwamba mgonjwa ni mtu pekee anayekula peke yake, kana kwamba mama mwenye watoto sita na wakwe wawili anaweza kujipikia chakula chake kando, usiku, wakati wengine wamelala.

Tuyatazame maradhi yenyewe kwa ufupi. Chakula cha wanga, yaani bugali, viazi, ndizi, mchele na mahindi, kikisagwa tumboni hugeuka sukari, na sukari hiyo huingia katika damu ili ipelekwe kila upande wa mwili iwe nguvu. Ninyi nyote mmepita njia ya Sake kwenda juu, mnajua bariyeri: kamba imetandazwa njiani, gari limejaa mzigo, na mpaka atokee mwenye amri ya kuishusha kamba, mzigo utakaa pale pale hata kama upande wa pili watu wanakufa njaa. Mwenye amri hiyo katika mwili anaitwa insulini, naye hutoka katika kongosho, kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo. Asipokuwapo, au akiwapo lakini kamba imekaza hasikilizwi, sukari hujaa njiani, figo huimwaga pamoja na maji, na mtu hukonda huku anakula. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hawa. Na matabibu wa Bara Hindi walikuwa wameujua kabla yake. Kujua, hata hivyo, hakukuponya mtu. Mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini dawa iliyosifiwa kuliko zote katika Marekani ilikuwa njaa: Daktari Frederick Allen aliwanyima wagonjwa wake chakula hata wakabaki mifupa, kwa sababu kweli waliishi miezi michache zaidi kuliko wale walioshiba. Ndipo mwaka 1921 Banting na Best wakaitoa insulini katika kongosho la mbwa huko Toronto, na Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza.

Nimeitaja njaa ya Daktari Allen kwa makusudi, kwa kuwa naiona bado inatembea katika vijiji vyetu imevaa koti jeupe. Ni desturi kusema kwamba sukari ni maradhi ya matajiri, ya watu wa matumbo makubwa na magari. Na nasaha ya kwanza katika kila kitabu ni kumwambia mgonjwa apunguze uzito. Katika Kinshasa au Nairobi nasaha hiyo inaweza kuwa na mahali pake. Lakini mwaka 1955 daktari Mwingereza, Philip Hugh-Jones, aliyekuwa akifanya kazi Jamaika, aliandika juu ya wagonjwa wa sukari waliokuwa vijana na wembamba, ambao hawakulingana na aina yoyote kati ya zile mbili zilizojulikana. Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 1985 kwamba iko sukari itokanayo na utapiamlo. Kisha mwaka 1999 likaifuta katika daftari lake kwa kuona ushahidi hautoshi. Na Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likairudisha na kuiita aina ya tano. Tazameni jinsi maradhi ya maskini yanavyoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena, ilhali mgonjwa mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kujifuta. Ninalotaka mlichukue katika safari hiyo ya daftari ni hili: mwembamba mwenye sukari, aliyezaliwa katika njaa na kukulia katika kukimbia, haambiwi ale kidogo. Kumwambia hivyo ni kummaliza. Huyo huambiwa ale vingine.

Na wala msidhani kwamba kazi hii haiwezekani mahali penye vita. Mweso, katika wilaya hii ya Masisi, wagonjwa wa sukari wamehudumiwa hospitalini kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, na mwaka 2019 jarida la tiba la BMJ Open lilichapisha habari zao, ikawa bayana kwamba huduma ya maradhi yasiyokwisha inaweza kutolewa na kuendelea hata pale ambapo risasi hazijanyamaza. Dawa basi, kwa kiasi fulani, imekwisha kupata watetezi. Chungu ndicho kisicho na mtetezi.

Vyungu vyetu ni viwili, kwa maana Masisi na Walikale zimeshikana mipaka lakini hazikushikana maakuli. Masisi ni kilomita za mraba 4,734 tu, milima iliyopanda kupita mita 2,000, udongo mweusi wa volkano, na malisho ambayo ukiyatazama asubuhi chini ya ukungu utadhani yamefyekwa kwa wembe. Huko hulimwa viazi vya kizungu, tunavyoviita birai, na maharage, na mahindi, na mtama. Huko hukamwa maziwa, yakagandishwa yakawa mashanza, au yakatiwa katika kalibu na kuwa yale magurudumu ya jibini yanayouzwa Goma njiani. Walikale ni kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya jirani yake, na sehemu yake kubwa ni msitu: muhogo, makemba, yaani ndizi za kupika, mawese, mchele wa mabondeni, samaki wa Lowa, uyoga na nyama ya porini. Kwa miaka mingi ndege zimetua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo, zikashusha bidhaa na kuondoka na mawe ya kasiteriti, na maharage yaliyosafiri kwa ndege hayawezi kuwa chakula cha mtu wa chini.

Kwa hiyo mgonjwa wa Masisi na mgonjwa wa Walikale hawawezi kusomewa karatasi moja. Yule wa Masisi ana dawa yake shambani bila ya kujua. Katika gramu 100 za maharage makavu mna zaidi ya gramu 20 za protini, nayo yana nyuzinyuzi nyingi zinazochelewesha wanga usipasuke kwa ghafula kuwa sukari. Ndiyo sababu mtu akila sahani ya maharage, sukari yake hupanda polepole kama mzee anayepanda kilima, badala ya kuruka kama mbuzi. Gramu 100 za unga wa muhogo, kwa upande wa pili, zina zaidi ya gramu 80 za wanga, na protini yake haifiki gramu mbili. Hata hivyo nimeona nyumba za Masisi, tena si moja, ambamo maharage huvunwa, hutiwa katika gunia, huuzwa yote sokoni, na fedha yake hununua unga wa muhogo. Nilikuwa nikidhani ni ujinga, mpaka mama mmoja aliponifundisha hesabu: kilo ya unga huvimba ikawa chakula cha nyumba nzima kwa robo saa ya moto, na maharage hukaa jikoni saa tatu yakila makala, na mwisho watoto bado wanauliza bugali uko wapi. Anayetaka kuwaambia watu wale maharage na awaambie kwanza habari ya makala. Yakilowekwa tangu jioni hupungua saa za kupikwa. Yakipikwa chungu kikubwa mara moja kwa siku mbili, moto ni mmoja. Na mwenye kuliweka gunia moja kati ya manne, akauza matatu, hatakuwa amefilisika. Hayo ni mambo madogo, lakini maradhi haya hayajui mambo makubwa.

Mgonjwa wa Walikale hana maharage ya kutosha, lakini anayo sombe. Majani ya muhogo yakitwangwa barabara na kupikwa muda mrefu mpaka sumu yake itoke, yakatiwa mawese na, ikiwezekana, karanga au samaki mkavu, ni chakula ambacho mgonjwa wa sukari anaweza kujaza sahani bila ya hofu. Na ni ajabu ya mmea huu kwamba mzizi wake chini ya ardhi humdhuru, na majani yake juu humlinda. Makemba nayo yana siri ambayo bibi zetu waliijua kwa ulimi: yakiwa mabichi, meupe na magumu, wanga wake haujageuka, na sehemu yake hupita tumboni bila ya kusagwa; yakiiva, yakawa manjano na madoa meusi, yamekwisha kuwa sukari hata kabla ya kutiwa kinywani. Mgonjwa na ayale yakiwa mabichi, ya kuchemsha, kwa kiasi. Yaliyoiva awaachie watoto, ambao kwa haki yao wanayapenda zaidi. Na yule samaki mkavu wa kutia katika sombe aweza kuwa sambaza: hao, waliotolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakikaushwa husafiri mbali bila ya kuoza, nao ni wepesi hata kwa mtoto kubeba.

Lakini nimesema kwamba chungu cha nyumba ni kimoja, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe.

Bugali wetu huja umegeuzwa juu ya sinia, kilima kimoja kinachofuka moshi, na mboga katika bakuli lake kando. Wanaokula huzunguka, kila mmoja akimega tonge na kuchovya, na hakuna mtu, hata awe mwalimu wa hesabu, awezaye kusema baada ya chakula amekula kiasi gani. Maana yake ni kwamba kumwambia mgonjwa "punguza" ni kumpa amri asiyoweza kuipima. Na pana jambo la pili ambalo wanaume hatupendi kulitaja. Baba na wageni hupakuliwa kwanza, kisha wavulana, na mama hula mwisho, jikoni, pamoja na mtoto wa mwisho aliye mapajani. Maharage yamekwisha kuokotwa. Bakulini umebaki mchuzi. Bugali upo, kwa sababu bugali haukosekani. Mama humega tonge, akalowesha katika mchuzi ule, akala, akashiba wanga mtupu. Na kesho asubuhi hupimwa, akakemewa kwamba hafuati masharti. Wallahi, ndugu zangu, masharti yale hayakuvunjwa na yeye. Yalivunjwa na zamu ya kupakua.

Niliyaona haya nyumbani kwa shangazi, na sikuwa na ufumbuzi wowote. Ufumbuzi aliupata mwenyewe. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya kigoda, mwiko wake mapajani, kisu mkononi, anachonga. Mwiko ulikuwa wa zamani, mweusi, ncha yake imeliwa upande mmoja kwa miaka ya kusugua chini ya sufuria. Alikuwa ameutia pengo dogo ukingoni, upana wa vidole vitatu kutoka nchani. Nikamwuliza anafanya nini. Akaniambia, "Hii ni fungu yangu." Na usiku niliona maana yake. Kabla kilima cha bugali hakijaenda popote, aliuchovya mwiko katika maji, akaukata ule ukingo wa bugali mpaka pale pengo lilipofika, akalitia fungu lake, kubwa kama ngumi ya mwanamke, katika sahani ya bati. Kisha, na hili ndilo lililowashangaza wote, akateka maharage vijiko vitatu vilivyojaa, na lengalenga mpaka ukingoni, akaifunika sahani ile kwa sufuria ndogo, akaiweka kando ya jiwe la mbabula. Ndipo akawapakulia wanaume.

Mume wake alinyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili aliuliza kama katika nyumba hii wake wameanza kula kabla ya waume. Shangazi akamjibu kwamba hajala, ameweka tu; na kwamba dawa hospitalini hutolewa kwa kipimo, na hii ndiyo dawa yake. Mzee akafikiri, akasema basi aendelee kuweka. Siwezi kusema ugomvi uliisha siku ile, lakini uliisha kabla ya mwezi.

Kulikuwa na hila nyingine ambayo aliipata kwa kujichunguza tu, nami baadaye nikasoma kwamba waganga wa mbali wameipima na kuikuta ni kweli: alianza kwa maharage na majani, akayala hata yakapungua nusu, ndipo akagusa bugali. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia tumboni, wanga unaofuata hupita polepole, na sukari haipandi kwa kishindo. Chakula ni kile kile, chungu ni kile kile, gharama ni ile ile; kilichobadilika ni kipi kitangulie.

Tena watoto hawakupunguziwa. Nalisema hili kwa kuwa nimewahi kuona nyumba ambamo, kwa hofu ya sukari ya baba, watoto walikatiwa mafuta na viazi, wakabaki na majani, nao walikuwa katika umri wa kukua. Mtoto wa Masisi adui wake wa kwanza ni utapiamlo. Aachwe ale bugali wake, ndizi yake iliyoiva, maziwa yake yenye malai, na mawese juu ya sombe. Linalomfaa kutoka katika sahani ya shangazi ni lile fungu la maharage lililozidi, na hilo nyumba nzima ilifaidi, kwa maana ilipokuwa lazima maharage yapikwe kila siku kwa ajili ya mgonjwa mmoja, yalipikwa kwa ajili ya wote. Gunia la nne halikwenda sokoni mwaka ule.

Juu ya vinywaji sitasema mengi. Kila mtu anajua kwamba fanta, na mutobe, na kasiksi, na chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama, haviendi na maradhi haya. Ugumu uko katika heshima: mgeni haandaliwi chai chungu, na mwenye matanga hawezi kukataa kikombe anachopewa na waliomjia. Dada mmoja wa Walikale ameniambia kwamba yeye hupokea kikombe kwa mikono miwili, hukigusa kwa midomo, husifu, kisha humpa mtoto aliye karibu. Naona hiyo ni adabu tosha.

Nimefika kwenye jambo la mwisho, nalo ni zito. Yote niliyoyasema yanadhani kwamba kuna chakula. Lakini Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na Machi mwaka ule ule vita vikafika Walikale. Na hata kabla ya hapo tulikuwa watu wa kufunga mizigo usiku. Mgonjwa anayechoma insulini, au anayekunywa vidonge vya glibenklamidi, akikimbia siku nzima milimani bila ya kula, dawa iliyo mwilini haijui kwamba kuna vita. Huendelea kushusha kamba za bariyeri, sukari iliyopo huisha njiani, na mtu huanza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, maneno yakamchanganyika kama mlevi. Nimesikia wakisema amerogwa. Hakurogwa, sukari imeshuka, na iko chini ya 70. Apewe sukari upesi, vijiko vitatu au vinne vya chai vikorogwe katika maji, na baada ya hapo chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe wala asilishwe kitu, bali apakwe sukari kidogo ndani ya shavu akiwa amelazwa ubavu, na apelekwe kwa muuguzi. Basi huyu mtu tuliyemkataza sukari miaka yote anapaswa kuwa nayo daima, imefungwa katika ncha ya kitenge, kama mwenzake afungavyo hirizi. Asiyekuwa na hakika ya kula siku ile amwulize muuguzi mapema apunguze dawa kwa kiasi gani, wala asiiache yote kwa kukisia, kwa sababu mwenye maradhi ya aina ya kwanza akikosa insulini kabisa hufa kwa siku chache.

Na wale waliotishwa kwamba insulini bila ya jokofu ni maji matupu, wakaitupa kando ya njia, wasikie habari ya jirani. Katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ambako joto la nyumbani hupanda mchana na kushuka usiku, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini iliyokaa katika hali kama ile, kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba kwa muda wa majuma manne nguvu yake ilikuwa kama ya ile iliyowekwa baridini. Chupa iliyotiwa katika chungu cha udongo chenye mchanga wenye unyevu, kivulini, itamfikisha mtu kwenye chupa nyingine. Isiwekwe tu mfukoni juani, wala karibu na mbabula.

Shangazi yangu hachomi sindano. Anakunywa vidonge, na alikimbia kama wengine. Alibeba sufuria, blanketi, vidonge, na sukari yake ya kitenge. Mwiko ulibaki jikoni. Nilipomwona tena alikuwa amepangiwa chumba katika nyumba ya watu, na pale mlangoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, palikuwa na mwiko mpya, mweupe, ambao bado unanukia mti. Ulikuwa na pengo. Nikaweka vidole vyangu kutoka nchani, nikaona vinafika vinne.

Nikamwambia, "Shangazi, zamani vilikuwa vitatu."

Akauchukua mkononi mwangu, akaugeuza ubavu ili nione. "Huu ni mwembamba," akasema, akauchovya majini.